Huyu Mackinnon ni Bin Nani?

Asiyepajua Mackinnon Road ni yule asiyewahi kupanda gari la kwenda bara. Ukishaziacha Mariakani, Samburu na Taru, na nyika imekuzunguka pande zote, mara huuona msikiti kando ya reli. Hapo amelala Sayyid Baghali Shah, mja wa Mungu aliyetoka Punjab kuja kufanya kazi ya reli, ambaye wazee husimulia kuwa karai lake la simenti lilikuwa likielea hewani juu ya kichwa chake badala ya kukikalia. Madereva wengi husimama. Abiria hushuka, wakatawadha, wakasali, wakasoma Fatiha, wakatia walichojaaliwa, safari ikaendelea.

Siku moja nilishuka hapo na mjukuu wangu, mtoto ambaye hawezi kukiona kibao asikisome. Akaniuliza, "Babu, huyu Mackinnon ndiye aliyezikwa humu?" Nikamwambia la, humu mna Sayyid. "Basi Mackinnon ni bin nani?"

Nilishikwa na haya. Mimi ambaye hukaa barazani nikazihesabu nasaba za watu hata babu wa saba, nimelipita jina hili tangu utotoni nisiwahi kuliuliza. Niliporudi Mombasa nikaingia vitabuni, na niliyoyapata ndiyo haya.

Mtoto aliuliza sawasawa, kwani Mac ni "bin" hasa. Huko Scotland, kaskazini ya kisiwa cha Uingereza, watu wa milimani na wa visiwa vya magharibi walikuwa na lugha yao, Kigaeli, isiyosikilizana na Kiingereza hata kidogo. Kwa lugha hiyo mwana ni mac, na binti hutajwa kwa nic. Ukoo huitwa clann, neno ambalo maana yake ya asili ni watoto. Mackinnon, basi, ni Mac Fhionghuin, mwana wa Fingon. Na Fingon maana yake ni aliyezaliwa mweupe, au mzuri wa sura. Ile f ikishatanguliwa na mac huandikwa fh na haitamkwi, mfano wa ile lamu ya ash-shams tuliyofunzwa chuoni: jicho huiona, ulimi ukairuka. Makarani wa Kiingereza waliandika walichokisikia, na kila mmoja alisikia lake. Ndiyo maana wako akina MacKinnon na McKinnon, na upande wa Kintyre wako akina Mackinven. Wako hata waliojiita Love, yaani Mapenzi, kwa kuwa jina lao lilisikika kama neno la Kigaeli la mpendwa.

Wenyewe hudai kuwa shina lao ni mfalme Alpin wa karne ya 9. Wanahistoria hulitilia shaka dai hilo. Lakini sisi watu wa pwani tusiwacheke: ni wangapi kwetu ambao ukiwauliza asili yao hawakubali kuanzia karibu zaidi ya Shirazi?

Lisilo na shaka ni jiwe. Katika kisiwa kidogo cha Iona pana msalaba uliochongwa mwaka 1489, wenye jina la Lachlan MacKinnon na la mwanawe John, aliyekuwa mkubwa wa watawa wa kisiwa hicho. Maandishi ni ya Kilatini, na humo jina limechongwa Fingone. Kabla ya hapo na baadaye ukoo huu ulikuwa na ardhi katika kisiwa cha Mull, kisha katika kisiwa cha Skye, mtaa uitwao Strath. Walikuwa chini ya wale Mabwana wa Visiwa waliotawala bahari ile, na kazi yao ilikuwa kuangalia mizani na vipimo visipunjwe. Kwa lugha yetu tungesema walikuwa na cheo cha muhtasibu, na si cheo kidogo.

Ngome yao magofu yake yangalipo, juu ya mlango wa bahari wa Kyleakin. Mlango huo umepewa jina la Haakon, mfalme wa Norway, aliyepita hapo na merikebu zake mwaka 1263. Husimuliwa kuwa bibi mmoja wa ngomeni, binti wa kifalme kutoka Norway, alitandika mnyororo kutoka pwani hata pwani, na chombo hakikupita ila kwa ushuru. Ngano ya pili, na wasomaji waniwie radhi, ni ya nguruwe mwitu. Mkuu mmoja wa ukoo alikuwa pangoni akijichomea nyama ya paa, nguruwe akamvamia, naye akamkabili kwa kumtia mfupa wa paa kinywani. Hata leo nembo ya akina MacKinnon ni kichwa cha nguruwe na mfupa mdomoni. Kila watu na fahari yao.

Jambo lililowatia heshima machoni pangu ni la mwaka 1746. Mwana wa mfalme, Charles Edward Stuart, aliyekuwa akikidai kiti cha Uingereza, alishindwa vitani Culloden mwezi wa Aprili akawa mkimbizi. Serikali ilitangaza pauni 30,000 kwa atakayemtoa. Mwezi wa Julai alifika Skye amechoka, na watu wa ukoo huu, mafukara wasiojua hata pauni mia zikoje, wakampakia mashuani usiku wakamvusha hata bara. Kisha walikamatwa, mkuu wao mzee na John MacKinnon aliyekuwa kiongozi wa safari, wakapelekwa Uingereza kifungoni. Zile pauni 30,000 hakuna aliyezila.

Lakini uaminifu haulipi deni. Kabla ya karne ya 18 kwisha ardhi ya ukoo ilikuwa imeuzwa kipande kwa kipande, na mwaka 1808 mstari wa wakuu wa Skye ukakatika kwa kufa wa mwisho wao bila ya mtoto. Cheo kikahamia kwa jamaa wa tawi jingine, ambao mzee wao aliondoka Skye zamani akaenda Antigua, visiwa vya West Indies. Huko walipata mali ya miwa. Na miwa ya Antigua wakati ule ililimwa na watumwa, watu weusi waliochukuliwa kwa nguvu kutoka bara letu hili. Sikupenda kulisoma hilo, lakini limo.

Ama waliobaki Strath, hao nao wakawa wageni kwao. Kukaja njaa ya mwaka 1846, viazi vilipooza mashambani. Kisha wenye mali wakaona kondoo wana faida kuliko watu. Mwaka 1853 vijiji viwili vya mtaa huo, Boreraig na Suisnish, vilitolewa watu wake. Kuta za nyumba zao zingali zimesimama hazina mapaa. Miaka ile, na kabla yake, watu wa Skye walipakiwa merikebuni kwenda Canada na Australia, na jina likaenda nao. Leo liko Nova Scotia na Prince Edward Island, na mji wa Melbourne una mtaa mzima uitwao McKinnon.

Wetu sisi ni mwingine. William Mackinnon alizaliwa mwaka 1823 Campbeltown, huko Kintyre, si Skye, wala sisemi kuwa wazee wake walifukuzwa na kondoo. Alianza kazi dukani, akawa karani Glasgow, na mwaka 1847 akaenda India kufanya biashara. Akaanzisha meli zilizokuja kuitwa British India, ambazo wazee wetu wengi walizipanda kwenda Bombay na kurudi. Mwaka 1872 meli zake zilianza kuleta barua Unguja kutoka Aden. Mwaka 1887 Sayyid Barghash aliwatilia sahihi yeye na wenzake mkataba wa kuitawala pwani, na mwaka uliofuata kampuni yao, Imperial British East Africa, ikapata hati ya Malkia. Mombasa ikawa makao yake. Ndiyo iliyokata ile njia ya magari ya ng'ombe kuingia bara iliyopewa jina la Mackinnon. Yeye alikufa mwaka 1893, kampuni ikafilisika, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaishika nchi yenyewe.

Nikilitazama jambo hili, naona karatasi pande zote mbili. Mkulima wa Boreraig hakuulizwa ilipoandikwa hati iliyomtoa, na mzee wa Jomvu hakuulizwa mkataba ulipotiwa sahihi Unguja. Jina lililopoteza ardhi yake kwa karatasi likaja kuandikwa juu ya ardhi ya wengine kwa karatasi. Na halikupumzika hata hapo: mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliweka Mackinnon Road kambi ya kuwafunga watu walioshukiwa kuwa Mau Mau. Wako waliolijua jina hilo kwa waya wa miiba tu.

Safari ya pili tuliyopita na mjukuu wangu nilimweleza yote haya, tangu Taru hata gari liliposimama. Alisikiliza, akaniuliza kama huko Skye kuna watu waliobaki. Nikamwambia wako, ila si wengi. Akavua viatu, akakitazama tena kile kibao, akakisoma kwa sauti akiiruka herufi ambayo haimo, kisha akaingia kwa Sayyid.