Kutu, Adui wa Tashkota

Naam, wapenzi wa taarab, leo tuzungumze habari ya waya. Si waya wa simu wala wa kufungia ua, bali ule uzi mwembamba wa chuma unaoiliza tashkota.

Ni usiku wa harusi, tuseme Shela ya Malindi au mjini Kilifi. Saa nne imepita, watu wametulia, mara uzi unakatika! Maduka yamefungwa. Mpigaji anafungua kopo lake la akiba, lo, nyuzi zote zimeshika kutu. Aibu gani hiyo mbele ya wenye harusi?

Tashkota ni mgeni aliyegeuka mwenyeji. Aliibuni Goro Morita mjini Nagoya, Japani, mwaka 1912, akaitia vitufe mfano wa vile vya taipu. Ikavuka bahari hadi kwetu, na wapenzi wa marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, wanaujua vyema mlio wake. Lakini nyuzi zake ni chuma kigumu, jamii moja na waya wa piano, na chuma na pwani havipatani. Upepo wa baharini hubeba chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu. Doa la kutu, hata likiwa dogo kama kichwa cha sindano, ndipo uzi utakapokatikia siku ya kukazwa. Wakati wa masika ndiyo huzidi.

Dawa huanza na mkono, kwani jasho nalo lina chumvi. Nawa, ujikaushe vizuri, kisha ushike uzi kwenye ncha. Ukimaliza kupiga, zipanguse nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini.

Akiba nayo ina adabu zake. Kila uzi uzungushe duara pana, uutie katika karatasi yake na uandike unene wake. Weka ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Uzi mtupu waweza kuupaka mafuta ya cherehani kidogo sana. Uliozungushiwa shaba, kama zile nyuzi nene za udi, usiupake kabisa: mafuta yakiingia kati ya mizunguko, sauti hufifia.

Usiukunje uzi. Ukishavunjika kiwiko haunyooki tena, na hapo ndipo utakapokatika. Unapoufungua, fungua polepole, uso kando na watoto mbali, kwani huruka kama mtego ukapata jicho. Na vipande ulivyokata visibaki mkekani, wapitapo watu miguu mitupu.

Kinanda cha umeme hakina uzi wa kukatika, na wengi wamekigeukia. Anayetaka mlio wa tashkota usipotee pwani, basi na alitazame kopo lake leo, kabla ya siku ya harusi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.