Supu ya Kiamaiko na Swali la Binti Yangu

Likizo iliyopita tulikuwa Nairobi, nyumbani kwa wifi yangu mtaani Huruma. Jioni moja binti yangu wa miaka 15 alinijia na simu mkononi, akanionyesha picha ya bakuli la supu. Ndani yake mlikuwa na tambi nyeupe, vipande vyembamba vya nyama na majani mabichi.

“Mama, hiki ni chakula cha Vietnam. Mabinamu zangu wanakwenda kukila mjini Jumamosi. Naomba ruhusa niende nao.”

Nikamjibu kwa neno moja: hapana. Akaniuliza kwa adabu, “Kwa sababu ni haramu, Mama?” Ulimi ukawa mzito. Sikukijua kilichomo bakulini. Nilikuwa nimekataza nisichokijua.

Naamini, mama zangu na dada zangu, kwamba wengi wetu tumewahi kufika hapo. Watoto wetu wanakulia katika miji yenye vyakula vya kila taifa, nasi ngao yetu ni hilo neno moja. Mtoto akilisikia mara kumi bila kupewa sababu, mara ya kumi na moja hataomba ruhusa. Atakwenda kula kimya kimya.

Asubuhi iliyofuata wifi alitupeleka Kiamaiko kununua nyama. Mtaa huo umepakana na Huruma, katika eneo bunge la Mathare, na jina lake limevuma Nairobi nzima kwa sababu ya mbuzi. Hufikishwa kwa malori kutoka Marsabit, Moyale, Isiolo na kwingineko kaskazini, na wafanyabiashara wake wengi ni Waislamu: Waborana, Wagabra na Wasomali. Kazi ya kuchinja huanza mapema, na kunapopambazuka wenye bucha na wenye hoteli wamekwisha kufika kuchagua nyama.

Sitauficha ukweli: harufu ni kali na mitaro haipendezi. Dini yetu imetutaka tule kilicho halali na kilicho kizuri, yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo wifi hakuingia banda la kwanza aliloliona. Alitazama muhuri wa mkaguzi kwenye nyama, akatazama maji ya kunawia na meza, ndipo akatukaribisha tuketi.

Palikuwa mahali pa kawaida tu, penye paa la mabati na viti virefu vya mbao. Mwenye banda alikuwa mama wa makamo aliyejitanda mtandio. Alituletea supu ya mifupa ya mbuzi iliyochemka tangu alfajiri, chapati za moto, ndimu zilizokatwa na pilipili mbichi. Hakuna aliyetukodolea macho, wanawake watatu na watoto wanne. Kwa mwanamke wa Kiislamu anayesafiri na watoto, kuketi na kula kwa utulivu namna hiyo ni neema kubwa.

Kabla ya kupiga bismillahi, binti yangu aliuliza kwa sauti ndogo, “Mama, mbuzi huyu amechinjwa na nani?” Niliona haya, nikadhani tumemvunjia heshima mwenyeji wetu. Yule mama alicheka, akaelekeza mkono kwenye lango la machinjio ng’ambo ya njia. “Uliza, mwanangu. Anayeuza halali hachukii kuulizwa.”

Maneno hayo yalinifunza kuliko supu ilivyonishibisha.

Tulipokuwa tukirejea, tulipita penye moshi wa mtura ukichomwa kando ya barabara. Mdogo wa binti yangu akautamani. Si nyama ya mbuzi wa Kiamaiko hiyo? Wifi akamweleza kwamba mtura ni utumbo unaojazwa nyama pamoja na damu, na damu imeharamishwa hata mnyama angechinjwa vipi. Kumbe haitoshi kujua mnyama alikotoka. Ni lazima kujua kilichoingia chunguni.

Jioni ile tulikaa na binti yangu tukasoma habari za bakuli lake. Supu hiyo huitwa pho, na asili yake ni kaskazini mwa Vietnam. Mifupa ya ng’ombe huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni, mdalasini, karafuu na tunda la anisi lenye umbo la nyota. Humiminwa juu ya tambi za unga wa mchele, kisha mlaji hujikamulia ndimu na kujitilia pilipili. Viungo hivyo karibu vyote vimo katika makopo ya jikoni petu pwani! Tukajua pia kwamba Vietnam wako Waislamu, wakiwamo Wacham wa jimbo la An Giang.

Hata hivyo, iko supu nyingine, bún bò Huế, ambayo jina lake hutaja ng’ombe, lakini kwa kawaida hutiwa nyama ya nguruwe na hata damu yake iliyogandishwa. Na zile sambusa zao nyembamba za kuviringisha mara nyingi hujazwa nguruwe. Mchuzi wao wa samaki hutokana na samaki wadogo waliovundikwa kwa chumvi, na samaki kwetu hahitaji kuchinjwa.

Basi nikampa binti yangu ruhusa pamoja na maswali manne. Nyama imechinjwa na nani? Mchuzi umechemshwa kwa mifupa gani? Je, sufuria, kisu na mafuta yanatumika pia kwa nguruwe? Je, chakula kimetiwa mvinyo?

Jumamosi alikwenda, akauliza. Mhudumu alirudi jikoni, akaja na jibu la kweli: ng’ombe ni halali, lakini vyombo havitenganishwi. Binti yangu akamshukuru, akanywa maji ya matunda. Mabinamu zake nao wakaacha, ingawa walikuwa wamekwisha kukaa mezani. Hakuna aliyewacheka.

Jumapili tulirudi Kiamaiko kununua mifupa. Tukaichemsha tangu baada ya sala ya Alfajiri kwa mdalasini, karafuu na tangawizi, tukapata tambi za mchele dukani, tukapamba kwa kotmiri na nanaa. Adhuhuri tulikaa mkekani, kila mmoja na bakuli lake na kipande cha ndimu. Binti yangu alionja, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mama, ingekuwa hapana yako ya kwanza, tusingekula hiki.”

Nikamwambia ni kweli, na kwamba mara nyingine nitauliza kabla ya kukataza.