Anuarite, Bakhita na Wajane wa Mwambao wa Ziwa

Katika parokia za Sengerema, ambazo zimo katika Jimbo Katoliki la Geita lililoundwa mwaka 1984, uhai wa ibada uko kwa sehemu kubwa mikononi mwa wanawake. Ndio wanaozijaza Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani makundi ya kaya jirani yanayokutana nyumbani kwa zamu kusali na kusoma Injili, ambayo maaskofu wa Afrika Mashariki waliyapa kipaumbele katika miaka ya 1970. Na ndio ambao, kupitia WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1972, huwatembelea wagonjwa na kuwafariji wafiwa. Hata hivyo, katika liturujia, yaani utaratibu rasmi wa ibada ya hadhara, imani na mapambano yao hutajwa kwa nadra, na pengine huishia katika shukrani ya jumla kabla ya matangazo.

Kalenda ya Kanisa inatoa nafasi iliyo bora zaidi. Tarehe 1 Desemba hukumbukwa Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, sista wa shirika la Jamaa Takatifu huko mashariki ya Kongo, aliyeuawa mjini Isiro mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 24, baada ya kumkatalia kanali wa waasi wa Simba aliyetaka kumfanya mke wake kwa nguvu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa mwaka 1985. Kifo chake husimuliwa zaidi kama ushindi wa usafi wa moyo, na ndivyo kilivyo, lakini simulizi ikikomea hapo inapungukiwa, kwa sababu Anuarite alimpinga pia mtu mwenye silaha na cheo aliyedhani kuwa mwili wa mwanamke umo katika mamlaka yake. Kwenye mialo ya Ziwa Victoria, ambako mchuuzi wa kike asiye na mtaji huweza kudaiwa mwili wake ndipo auziwe samaki, upinzani huo hauhitaji ufafanuzi mrefu.

Tarehe 8 Februari huja zamu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyezaliwa Darfur, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa mara kadhaa, hadi mwaka 1889 huko Venice alipokataa kuondoka na bibi aliyemmiliki, na vyombo vya sheria vikatamka kuwa ni mtu huru. Habari hiyo si ya mbali kwa watu wa Ghuba ya Mwanza, kwani wamisionari waliofungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883 walifika pamoja na watoto waliokombolewa kutoka utumwani, hivyo Ukristo wa mwambao huu ulikuwa tangu mwanzo na waamini walioijua biashara ya binadamu kwa maisha yao wenyewe.

Kinacholiumiza zaidi eneo hili, na ambacho ibada haiwezi kukipita kimya bila kupoteza ukweli wake, ni mauaji ya vikongwe. Kwa miongo mingi, katika nchi ya Wasukuma, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga wakituhumiwa uchawi, na macho mekundu yakachukuliwa kuwa ushahidi, ilhali wekundu huo mara nyingi hutokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi, hasa pale kuni zilipoadimika na watu wakapikia mabua ya pamba na samadi kavu. Nyuma ya tuhuma pengine huwapo shamba ambalo mjane amekataa kuliachia. Mwaka 1990, Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza, chini ya Jaji James Mwalusanya, ilimpa haki mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi aliyorithi kwa baba yake, ikiamua katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, wakati mwanamume anaruhusiwa, inakinzana na Katiba. Hukumu hiyo inastahili kujulikana na kila jumuiya inayosali pamoja na wajane.

Nafasi ya wanawake katika uongozi wa ibada nayo imebadilika. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji katika miaka ya 1990, na mwaka 2021 Papa Fransisko aliwafungulia wanawake Wakatoliki huduma rasmi za usomaji na utumishi wa altare. Kabla ya hapo, sauti ya mwanamke ilikuwa imekwisha kusikika mbele ya viongozi wa Kanisa: huko Marekani, Sista Thea Bowman, mjukuu wa mtumwa, alizungumza mbele ya maaskofu mwaka 1989 akiwa mgonjwa wa saratani, akawaeleza maana ya kuwa mweusi na Mkatoliki, kisha akawafanya waimbe pamoja naye.

Kwa parokia za Sengerema, hatua ya kwanza haihitaji kibali kipya. Maombi ya waamini, yaani nia zinazotamkwa baada ya Kanuni ya Imani, yanaweza kutungwa na wanajumuiya wenyewe. Na tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, majina ya wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi yanaweza kuandikwa miongoni mwa nia za Misa na jumuiya zao, pale ambapo koo zao zimenyamaza.