Jumamosi ya Ndege: Watoto Wanajifunza Nini Kando ya Ziwa Nakivale?

Mwezi huu ukurasa wa familia unajibu swali ambalo sisi walimu wa kujitolea tumeulizwa mara nyingi, barabarani na hata kwenye foleni ya maji. Mama mmoja alilisema hivi: "Mwalimu, munabeba batoto kuangalia ndeke, njo masomo gani ile?"

Swali ni la haki. Jumamosi asubuhi mtoto ana kazi nyumbani. Kuna maji, kuna kuni, kuna wadogo wa kuchunga. Ukimtoa nyumbani lazima uwe na sababu. Kwa hiyo leo tunawaeleza tunakwenda wapi, tunaona nini, na kuna faida gani. Mwisho tuna ombi moja kwa kila familia, kuhusu yule korongo mwenye taji.

TUNAVYOTOKA

Tunatoka Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa hiyo ndege wamenjaa, wanatafuta chakula na wanaimba. Jua likishakuwa kali wengi wanajificha. Kabla ya saa tatu kila mtoto amerudi kwao, na maji ya kuchota bado yanamsubiri.

Hatuchukui watoto zaidi ya 15 kwa mara moja, na watu wazima ni wawili. Darubini tunayo moja tu, tena ya kuazima, inapita mkono kwa mkono. Lakini ndege wengi wa hapa wanaonekana kwa macho matupu ukitulia.

Kila mtoto ana daftari na kalamu. Akiona ndege, haruhusiwi kuanza na jina. Kwanza anajibu maswali: Ni mkubwa kuliko kuku ama ni mdogo kuliko njiwa? Mdomo wake ukoje? Miguu ni mirefu ama mifupi? Anafanya nini sasa hivi? Halafu ndiyo anaandika jina, kwa lugha yoyote anayoijua. Mtoto wa Kinyarwanda anaandika "inyange", wa Kiswahili anaandika "yangeyange", na wote wawili wanaonyesha ndege yule yule mweupe anayefuata ng'ombe. Kama hakuna anayejua jina, anachora na kwenda kuuliza wazee nyumbani.

Hapo ndipo somo lilipo. Mtoto anajifunza kuangalia kabla ya kusema. Anajifunza kwamba mdomo unaeleza chakula: mnene na mfupi ni wa kuvunja mbegu, mrefu kama mkuki ni wa kuchoma samaki, uliopinda kama ndoana ni wa kurarua nyama. Hiyo ni sayansi ya darasani, isipokuwa hapa kitabu kinaruka.

NDEGE WATANO WA KUANZA NAO

Ukitaka kujaribu na watoto wako nyumbani, anza na hawa watano. Si vigumu kuwajua.

Yangeyange. Ni yule mweupe tuliyemtaja, utamwona kati ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Ng'ombe akitembea anashtua panzi na wadudu kwenye majani, na yangeyange anawadaka. Zamani hakuwepo Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa karne ya 19 alivuka bahari kutoka Afrika kwa mabawa yake mwenyewe, na leo amejaa kule pia.

Fundichuma. Ni wa rangi ya kahawia, kichwa chake kina umbo la nyundo. Anajenga kiota kikubwa ajabu, cha vijiti maelfu, kikiunganishwa na matope. Kinaweza kufika upana wa mita moja na nusu, na mlango wake uko upande wa chini. Mzee mmoja wa Fizi aliwaambia watoto kwamba kwao hakuna aliyethubutu kubomoa kiota kile, waliogopa mkosi. Watoto walicheka, lakini waliandika. Heshima ile ya wazee ilimlinda ndege.

Mdiria mweusi na mweupe. Kaa karibu na maji umtazame. Anasimama hewani akipigapiga mabawa, kichwa hakitikisiki, halafu anajitupa chini kama jiwe na kutoka na samaki.

Mfumaji wa njano. Hawa ndio wanaotundika viota vingi kwenye mti mmoja na kupiga kelele siku nzima. Dume ndiye anayefuma, kwa vipande vya majani. Akimaliza, jike anakuja kukagua. Kama hakuna jike anayekipenda, kiota kikizeeka dume anakibomoa na kuanza upya. Wasichana wetu wanalipenda somo hili kuliko yote!

Mbayuwayu. Hapa watoto walishangaa. Mbayuwayu wenye koo jekundu na mkia wenye ncha mbili ndefu, wanaopita hapa kwa wingi kuanzia Septemba na Oktoba, ni wageni kutoka Ulaya na Asia. Mwezi wa tatu na wa nne wanarudi kuzaa. Uzito wa mmoja ni kama gramu 20 tu. Watu walijuaje safari hiyo? Mei 1911, huko Staffordshire, Uingereza, mbayuwayu mmoja alivishwa pete ndogo ya chuma mguuni. Desemba 1912 alipatikana Natal, Afrika Kusini, karibu kilomita 10,000 kutoka kwao, na pete yake ingali mguuni.

Kabla ya hapo, mwaka 1822, korongo mweupe alipigwa huko Ujerumani akiwa na mkuki wa Afrika umemchoma shingoni. Alikuwa ameruka nao mpaka Ulaya! Mpaka leo amehifadhiwa katika chuo kikuu cha mji wa Rostock. Kabla ya ushahidi kama huo wapo wasomi waliodhani kwamba wakati wa baridi mbayuwayu wanalala chini ya matope ya maziwa. Kijana mmoja wa darasa la sita alisema, "Kumbe na bazungu balikuwa habajue!" Ni kweli. Kutojua si aibu, kinachotakiwa ni kuangalia na kuuliza.

BUNDI SI MCHAWI

Hili ni jambo zito katika nyumba zetu. Wengi tumekua tukisikia kwamba bundi akilia juu ya nyumba kuna mtu atakufa. Kule kwetu anaitwa ndeke ya balozi, ndege wa wachawi. Akionekana anapigwa mawe, na wakati mwingine kikongwe wa jirani naye anaanza kuangaliwa vibaya. Hapo jambo la ndege limegeuka jambo la watu, na tunajua linaweza kufika wapi.

Ukweli ni kwamba bundi anafuata panya. Na panya wanafuata mahindi na maharage yetu. Kwa hiyo bundi anakuja penye chakula, kama mlinzi wa usiku asiyedai mshahara. Anameza panya mzima, halafu anatapika donge la manyoya na mifupa midogo. Siku moja tuliokota madonge kama hayo chini ya mti. Tuliyapasua kwa vijiti, mikono ikiwa ndani ya mifuko ya plastiki, na watoto wakahesabu mafuvu ya panya. Hakuna hotuba ya mwalimu ingefanya kazi kama mafuvu yale.

Hatuwaambii watoto wadharau wazee wao. Tunawaambia: mheshimu babu, na bundi muache afanye kazi yake.

KORONGO WA BENDERA

Sasa tufike kwenye ombi letu. Kila mtoto wa hapa anamjua korongo mwenye taji ya dhahabu. Wanyarwanda na Warundi wanamwita umusambi, Wanyankole wanamwita entuuha. Yuko katikati ya bendera ya Uganda tangu uhuru wa mwaka 1962, ameinua mguu mmoja. Timu ya taifa ya mpira pia imechukua jina lake. Ana urefu wa mita moja hivi, na mabawa yakikunjuliwa yanafika mita mbili. Dume na jike hukaa pamoja miaka yote, na wakicheza wanaruka, wanainamiana na kupiga mabawa. Ukiwaona wanacheza asubuhi, hutauliza tena kwa nini tunaamka mapema.

Lakini ndege huyu yuko hatarini. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwingiza katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka duniani. Sababu kubwa ni mbili: mabwawa anamozaa yanalimwa, na watu wanamkamata au kuchukua mayai na vifaranga.

Angalieni hesabu yake. Kiota chake ni majani yaliyolazwa chini katikati ya bwawa. Anataga mayai mawili mpaka manne kwa uzazi mmoja. Baba na mama wanapokezana kuyaatamia kwa karibu mwezi mzima. Vifaranga wakitoka, wanaanza kutembea na wazazi mapema sana, lakini kuruka bado miezi. Katika muda huo wote mbwa mmoja, ama kijana mmoja mwenye manati, anaweza kumaliza uzazi wa mwaka.

Tunajua maisha ni magumu. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa, mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na anayelima ukingo wa bwawa analima kwa sababu watoto wana njaa. Hatuandiki hapa kumgombeza mtu. Lakini bwawa ni letu sote. Mafunjo yanachuja maji, yanazuia udongo usiingie ziwani, na kati ya mizizi yake samaki wadogo wanajificha wakikua. Yakikatwa yote, tope linaingia ziwani, samaki wanapungua, na mvuvi na mteja wake wote wanaumia. Ndiyo maana mwaka 2006 eneo la Mburo na Nakivale liliwekwa katika orodha ya Ramsar, orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Na sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inakataza kuwinda ama kufuga ndege wa porini bila kibali. Kijana anayeuza kifaranga cha korongo kwa pesa ndogo anaweza kuiletea familia kesi kubwa.

Ombi letu ni hili: mtoto akileta nyumbani yai ama kifaranga cha korongo, msimpige na msimsifu. Mwambieni arudishe siku hiyo hiyo pale alipokitoa, akiwa na mtu mzima, kisha waondoke haraka ili wazazi wake warudi.

NDEGE ALIYECHUKIWA AKALETA KAZI

Wapo watakaosema ndege hawaleti chakula mezani. Sikilizeni habari ya Mabamba, bwawa lililo kando ya Ziwa Viktoria, si mbali na Entebbe. Kule kuna ndege mkubwa wa kijivu anayeitwa korongo nyangumi, mdomo wake ni mpana kama kiatu. Anakula kamongo, samaki ambaye hapa Uganda anaitwa mamba. Wavuvi walimchukia. Waliamini mtu akimwona asubuhi hatapata samaki siku hiyo, na wengine walimuua.

Baadaye wageni walianza kuja kutoka mbali na kulipa ili wamwone tu. Wavuvi waligundua kwamba ndege yule akiwa hai analeta pesa kuliko akiwa amekufa. Leo wapo wanaoishi kwa kupeleka wageni kwa mtumbwi na kuwaonyesha ndege. Uganda ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na kazi ya kuongoza wageni inahitaji macho mazuri, subira, na kujua ndege kwa sauti. Hatuahidi kazi kwa mtoto yeyote. Tunasema tu kwamba ujuzi huo hauchukui nafasi begani, mtoto ataondoka nao popote maisha yatakapompeleka.

MAMBO YA USALAMA

Mtoto asiende ziwani peke yake. Viboko wanatoka majini asubuhi na jioni, na hawana mchezo. Tunabaki kwenye njia, hatuingii majini kwa sababu ya kichocho. Ndege aliyekufa haguswi kwa mkono: Januari 2017 mafua ya ndege yalionekana Uganda, na ndege wengi wa porini walikufa kando ya Ziwa Viktoria. Mkiona ndege wengi wamekufa mahali pamoja, toeni habari kwa viongozi wa kijiji ama kituo cha afya. Manati inabaki nyumbani. Tulipoanza, vijana watatu walikuja nazo mfukoni. Siku hizi hakuna anayeleta.

KAZI YA MWEZI HUU NYUMBANI

Baba, mama, babu na bibi, tunawaomba jambo dogo. Jioni moja, mkishamaliza kula, muwaambie watoto majina ya ndege wa kule mlikozaliwa, iwe Fizi, Masisi, Ruyigi ama Mogadishu, na yale mliyosikia juu yao. Mtoto aandike na kutuletea daftari. Majina mengine vijana wetu hawajawahi kuyasikia, na mzee akiondoka nayo hakuna duka la kuyanunua. Tutayachapa katika toleo lijalo, kila jina na lugha yake.

Anayetaka mtoto wake aje, amwandikishe kwa mwalimu wa darasa lake kabla ya Ijumaa. Hakuna malipo. Alete daftari, kalamu na maji ya kunywa. Na mzazi mwenye nafasi aje pia, maana bado tunatafuta mtu mzima wa pili kwa safari ijayo. Asiyejua ndege hata mmoja tunampokea vilevile, watoto watamfundisha.