Je, Wajua? Jarida la Joe na Mvua za Gusii

Je, wajua kwamba ukikuta jarida la *Joe* ndani ya sanduku la babu kule Keroka au Nyamira, umeokota hazina? Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walilianzisha Nairobi mwaka 1973, likazimika 1979. Joe, mhusika wa jarida hilo, alikuwa mwananchi wa kawaida, mwenye shida za kawaida, na ile michoro ya jaladani bado inapendeza mno. Adui wa nakala hizo huku Gusii ni mvua, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Unyevu hutia kutu pini za mgongoni, na doa la kahawia hupenya karatasi. Zing'oe pini hizo taratibu, usibandike selotepu kamwe, kisha lilaze jarida mbali na ukuta na moshi wa jikoni.