Baba, Mama na Mungu: Washirika Watatu katika Malezi ya Mtoto

Katika Amri Kumi tumeagizwa kuwaheshimu wazazi, na baba ametajwa kwanza (Kut 20:12). Lakini Kitabu cha Walawi, kinapofundisha uchaji kwa wazazi, kinamtanguliza mama (Law 19:3). Kwa nini? Tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965 linatukumbusha urithi wa kiroho tulio nao pamoja na Wayahudi; basi na tuwasikilize walimu wao.

Katika Talmudi, walimu hao wanaeleza kwamba mtoto kwa tabia humheshimu zaidi mama, kwa kuwa humbembeleza kwa maneno laini; ndiyo maana katika heshima baba ametangulizwa. Humwogopa zaidi baba, kwa kuwa ndiye amfundishaye Sheria. Ndiyo maana katika uchaji mama ametangulizwa. Hivyo mizani inakuwa sawa. Tena wanasema kwamba mtoto ana washirika watatu katika kuumbwa kwake: Mungu, baba na mama. Panapo heshima kwa wazazi, Mungu huhesabu kwamba ameheshimiwa Yeye mwenyewe.

Talmudi inataja pia wajibu wa baba kwa mwanawe: kumtahiri, kumfundisha Sheria, kumwoza na kumfundisha kazi. Wengine huongeza kumfundisha kuogelea. Sisi wa Pemba, tuliozungukwa na bahari, twaelewa mara moja: baba humpa mtoto kitakachomwokoa siku ambayo yeye hayupo. Naye mama, kwa desturi, ndiye awashaye taa za Sabato jioni ya Ijumaa, na kwa sheria yao mtoto huhesabiwa Myahudi kwa mama yake.

Mafundisho haya yanatugusa. Baadhi ya waamini wetu wa Wete na Chake Chake wamekuja kikazi kutoka Bara, wakiacha mwenzi na watoto huko. Majirani zetu wavuvi nao huenda dago na kukaa huko siku nyingi. Kutuma fedha za matumizi ni wajibu mwema, lakini hakuchukui nafasi ya kufundisha. Baba aliye mbali anaweza kuzungumza na mtoto kwa simu juu ya Injili ya Dominika, kumuuliza habari za masomo, na kumbariki kila anapoondoka nyumbani. Mama naye asikabidhi mamlaka yake yote kwa kusema, "Ngoja baba yako arudi." Mafundisho yake yana uzito kamili (Mit 1:8).

Kwa mjane, na kwa kila anayelea peke yake, Mshirika wa tatu hajaondoka. Wasimamizi wa ubatizo na Jumuiya Ndogo Ndogo wawe mikono yake.

Yesu alipobaki hekaluni, Maria na Yosefu walimtafuta wote wawili kwa uchungu. Naye akarudi Nazareti akawatii wote wawili (Lk 2:41-51). Familia zetu zijifunze kwao.