Mashahidi walio chini ya mawe

Tangu utotoni tumefundishwa kuyatazama maji ya kutawadhia kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Leo twapenda kuzungumzia kipimo kingine, kisichohusu tohara, bali afya ya kijito chenyewe.

Chupa ya maji ipelekwayo maabara hueleza hali ya saa ile tu. Sumu iliyomwagwa usiku huwa imekwisha kusombwa na mkondo. Lakini wadudu wachanga wang'ang'aniao chini ya mawe hukaa humo kwa miezi, na kila kilichopita kimewapitia.

Wenzetu wa Afrika Kusini walibuni njia nyepesi ya kuwahoji mashahidi hawa. Mpimaji huingia mtoni na wavu wa mraba, sentimita 30 kila upande, akayavuruga mawe kwa miguu ili waliojificha wasombwe wavuni, kisha akawatambua papo hapo ukingoni. Kila jamii ina alama yake, kuanzia 1 hadi 15. Minyoo ya matopeni hupata 1. Mabuu mekundu ya visubi, ambayo damu yake hushika oksijeni hata inapokuwa haba, hupata 2. Wale wasiovumilia uchafu hata chembe hufikia 15. Tanzania nayo ina mfumo wake, TARISS, uliotokana na huo na kuchapishwa mwaka 2015.

Je, wadudu pekee watosha? Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, juu ya vijito 185 vya nchi 9 za Ulaya, uliwalinganisha na samaki, mimea ya majini na diatomu. Hizi za mwisho ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, na zimo katika ule utelezi wa mawe tuujuao sote tuliowahi kuteremka mtoni kutawadha. Palipozidi mbolea na majitaka, diatomu ndizo zilizoonyesha mabadiliko makubwa zaidi.

Tahadhari moja: wadudu wenye alama za juu hawathibitishi kwamba maji hayana vijidudu vya kipindupindu. Maji ya kunywa ya watoto yaendelee kuchemshwa. Lakini tukigeuza mawe ya kijito kilichokuwa na wadudu wa kila namna, tukakuta minyoo na mabuu mekundu tu, yafaa tupande juu ya mkondo tukaangalie: shamba linalopuliziwa dawa ukingoni, choo kinachovuja, magari yanayooshwa, au pengine ndoo zetu wenyewe za sabuni.